Mgeni Aliyesahihisha Hesabu

Programu ilimtupa nje Rawya kwa mara ya tatu alipokuwa anaandika bei ya mayai.

Haikumwambia kwa nini. Kioo cha kompyuta kilipauka, kikaonyesha duara linalozunguka, kisha ukurasa wa mwanzo ukarudi na salamu zake za Kiarabu, ukimkaribisha Mizani, rafiki wa mfanyabiashara. Bei za siagi na hiliki alizokwisha kuandika zilikuwa zimepotea.

"Ndo mchezo wake huo," alisema Bi Shaikha kutoka mlango wa jikoni, mikono yake myeupe kwa unga. "Ukikohoa tu, inakutoa."

"Inapima muda ambao hujabonyeza kitu, Bi Shaikha. Ukizidi, inafunga."

"Na mie nikiacha kubonyeza nnakwenda kutoa mkate kwenye joko. Inataka mkate uungue?"

Rawya alianza upya na bei ya siagi. Kabla ya kujiunga na ofisi ya wakaguzi wa hesabu alikuwa polisi, kitengo cha makosa ya mtandaoni, na kazi ile ilimfundisha kwamba mlalamikaji akianza kulalamikia mashine, muache amalize. Mara nyingi ushahidi huja katikati ya malalamiko.

Bi Shaikha alikuwa na mengi. Alikuwa mjane anayepika nyumbani kwake Khuwair ya Kusini, Maskati: visheti, mkate wa kumimina, sambusa, mkate wa ufuta. Alianza kwa majirani, zikaja harusi, zikafuata ofisi, mpaka mauzo yakafika kiwango ambacho mtu hana budi kujiandikisha kwa kodi ya ongezeko la thamani. Tangu hapo, kila robo ya mwaka alipaswa kuwasilisha ritani, yaani taarifa ya kodi yake. Alishauriwa anunue programu ya kumsaidia kuitayarisha, akanunua Mizani. Waliotengeneza Mizani fedha yao ilikuwa na senti mia, na riali ya Omani ina baisa elfu. Kwa hiyo kila alipoandika tarakimu ya tatu baada ya nukta, programu iliikata kimyakimya, halafu jumla zilipokataa kulingana ikawasha alama nyekundu na kuandika: kuna hitilafu. Hitilafu iko wapi, haikusema.

"Na ukigeuza lugha, maandishi yanahamia upande wa pili na namba zinabaki pale pale," Bi Shaikha aliendelea. "Nimeandika bei ya samli kwenye mstari wa bwana wa gesi. Mwanangu, nimezaa watoto watatu sikulia. Hii imenliza."

"Sasa niambie la jana."

Bi Shaikha alifuta mikono, akaketi. Wiki nzima, alieleza, alikuwa akiingiza hesabu asubuhi na kuziacha kama rasimu. Alama ilikuwa nyekundu kila siku. Halafu alasiri moja akakuta sehemu ya ankara imegeuka kijani. Alifurahi, akadhani programu imetia akili. Kesho yake sehemu nyingine ikawa kijani. Jana ndipo alipoangalia kwa makini. Ankara ya unga wa Matrah, aliyoiandika yote kama ya biashara, ilikuwa imegawanywa: theluthi imetolewa, imewekwa kwenye matumizi ya nyumbani.

"Na kweli ulitumia theluthi nyumbani?"

"Kweli. Wakati wanangu walipokuja na watoto wao. Lakini mie sikuandika popote."

Rawya alifungua ukurasa wa kumbukumbu za kuingia, ambao Bi Shaikha hakujua kwamba upo. Ulionyesha vyombo viwili. Cha kwanza kilikuwa kompyuta hii, asubuhi. Cha pili kilikuwa kingine, kila mara baada ya alasiri. Na vyote viwili viliingia kupitia mtandao wa nyumba hii hii.

"Nilikwambia," alisema Bi Shaikha. "Ni Ghadeer."

"Umeniambia unamshuku. Nataka unipe unachokijua."

Bi Shaikha alivihesabu kwa vidole. Ghadeer, binti wa dada yake Buthaina, ndiye aliyemwekea vitabu vya biashara mpaka walipogombana, akaondoka. Kompyuta hii aliichagua yeye. Waifai ya nyumba anayo. Na kubwa kuliko yote: ili kuingia Mizani kunahitajika namba ya mlipakodi, ambayo imepigwa chapa kwenye kila risiti na kila boksi la visheti, pamoja na namba ya siku, inayotumwa asubuhi na kudumu mpaka usiku. Namba hiyo haiji kwenye simu ya Bi Shaikha. Siku ya kujiandikisha simu yake ilikuwa imekufa chaji, akatoa namba ya dada yake. Mizani ikakataa kubadilisha. Kwa hiyo kila asubuhi namba ya siku ilifika Bustan, kwenye simu ya Buthaina, katika nyumba ambayo Ghadeer analala.

"Buthaina anajua unachomshuku mwanawe?"

Bi Shaikha aliangalia mikono yake. "Hajui. Nikimpigia kila asubuhi ananisomea namba, tunataniana, nnakata simu. Hajui."

"Na ritani mwisho leo."

"Leo. Nikiiwasilisha hivi, nnatia saini juu ya kitu nisichokijua. Nikiifuta nianze upya, haitaisha. Kwa hiyo leo hii nnakwenda polisi kuandikisha shauri, niwe na la kuwaonyesha wa kodi. Nimekuita unipe ushahidi tu, mwanangu, si ushauri."

Rawya alijua maana ya shauri. Ghadeer alikuwa amekubaliwa kazi mpya katika idara ya hesabu ya wizara. Kilichobaki kilikuwa cheti cha tabia njema. Mtu mwenye shauri la kuingilia mfumo wa kodi hapewi cheti hicho, na nafasi ile ingekwenda kwa mwingine kabla shauri halijasikilizwa.

"Mwite aje," alisema Rawya.

"Hapa? Nyumbani kwangu?"

"Ukimshitaki utamwona mahakamani. Bora umwone kwanza sebuleni."

*

Ghadeer alifika baada ya adhuhuri, amevaa nguo za kazini, akasalimu kutoka mlangoni na hakuvuka mpaka alipoambiwa aingie. Alimbusu khala yake, dada wa mama yake, kichwani kama desturi. Bi Shaikha alikubali busu, macho yake kwenye kompyuta. Waliongea Kiarabu, wote watatu.

"Khala ananishuku kwa kumwibia?" Ghadeer aliuliza.

"Hakuna kilichoibwa," alisema Rawya. "Kuna mtu anaingia kwenye rasimu yake na kuisahihisha."

Ghadeer alimtazama Rawya, akamtazama khala yake, kisha akacheka kwa pua. "Na ikiwa imesahihishwa vizuri, basi lazima ni mimi. Ahsante."

"Nionyeshe ungegawanya vipi ankara ya unga."

"Nisingeigawanya. Hiyo ndiyo sababu ya ugomvi wetu." Aligeuka kwa khala yake. "Nilikwambia kila mfuko unaoingia jikoni uwe wa biashara, na chakula cha nyumbani kinunuliwe mbali, kwa risiti yake. Ukasema nakufundisha kupika."

"Kweli hii?" Rawya alimuuliza Bi Shaikha.

"Kweli," alikiri Bi Shaikha. "Alinambia ninunue unga mara mbili. Kama nna jikoni mbili."

Rawya aliliweka hilo upande. Lilikuwa jambo la kumtetea Ghadeer, ila halikutosha. Mtu anaweza kubadili njia yake. Akauliza kuhusu alasiri. Ghadeer hakuwa na cha kuficha wala cha kumwokoa: alitoka kazini, alikuwa peke yake garini. Mara mbili alipita hapa kumletea khala yake dawa za presha kutoka duka la dawa, akaziacha kwa wapishi wanaomsaidia jikoni.

"Uliziacha kwa wapishi?" Bi Shaikha alisema. "Mie nikadhani zimeletwa na mamako."

"Usingezimeza kama ungejua ni mimi."

Rawya aligeukia Kiswahili ghafla. "Ghadeer, mama yako alikwambia nini juu ya unga wa Matrah?"

Ghadeer alimtazama tu, na uso wake ukawa mtupu kama wa mtu anayesubiri mfasiri. Baba yake alikuwa mtu wa Sur, nyumbani kwao walikua na Kiarabu, na Kiswahili cha mama yake kilikuwa cha simu na madada.

"Anajua njoo, kula, na yale ya kutukana," alisema Bi Shaikha.

Rawya alirudi kwenye kompyuta, akaifungua tena ankara ya unga. Hapo ndipo penye jambo, aliona. Theluthi ile haikuandikwa popote. Aliyeigawanya hakuisoma, aliisikia.

"Bi Shaikha. Habari za wajukuu na unga ulimweleza nani?"

"Buthaina. Kwenye simu."

"Ukiwa wapi?"

"Kibaraza cha nyuma. Jikoni mafeni ya joko yanapiga kelele, simsikii. Nnatoka nje na nnasema kwa sauti, maana na yeye sikio moja haliko sawa."

"Na namba ya siku?"

"Hapo hapo. Ananisomea, nnairudia ili nisikosee."

"Kwa Kiswahili."

"Kwa Kiswahili, ndiyo. Makusudi. Nani ataelewa?"

Rawya aliijua tabia hii; hata kwao ilikuwepo. Watu wa kwao waliorudi kutoka Unguja waliishi Maskati na Kiswahili kama pazia. Dukani walikubaliana bei kwa Kiswahili mbele ya muuzaji, hospitali waliambiana ugonjwa wa mtu mbele ya mgonjwa wa kitanda cha pili, na ndani ya lifti walimjadili aliyesimama nao, nguo zake na unene wake. Mara chache sana mtu yule aligeuka na kujibu. Hizo mara chache watu walizisimulia kama vichekesho, kisha wakaendelea kama kawaida.

"Nani mwingine ana waifai yako?"

"Humam, mwanangu, akija kutoka Salalah. Ghadeer. Wapishi sijawapa, wanakaa kwenye simu badala ya kukanda." Alifikiri. "Na jirani wa kushoto, Sheikh Sleyum. Laini yake ilikatika Ramadhani, nikampa, na boksi la visheti juu yake. Lakini huyo hamna kitu, ni Mwarabu wa miji ya ndani, hajui Kiswahili hata cha kuombea maji."

Rawya alikwenda dirishani, akakiangalia kibaraza. Halafu akaeleza wanalokwenda kufanya.

*

Wapishi wawili walipelekwa Matrah na gari, kununua mabati ya kuokea ambayo hayakuhitajika. Nyumba ya jirani wa kulia ilikuwa katika matengenezo na siku ile haikuwa na mafundi. Rawya alikwenda kuhakikisha kwa macho yake. Simu ya Ghadeer iliingia kwenye mkoba wa Rawya, na Ghadeer mwenyewe akakaa naye sebuleni, kompyuta mbele yao, ukurasa wa kumbukumbu umefunguliwa.

Kilichobaki kilikuwa Bi Shaikha kutoka kwenda kibarazani baada ya alasiri na kusema uongo kwenye simu isiyompigia mtu yeyote.

"Niseme nini?"

"Useme kwamba nusu ya sukari ya Matrah haikuwa ya biashara. Umeipeleka kwenye harusi."

"Harusi ya nani?"

"Yeyote. Binti wa Bi Khole."

"Khole hana binti. Ana wavulana wanne, wote wabaya."

"Ndiyo vizuri. Hakuna anayeweza kuijua harusi hiyo kwa njia nyingine."

Bi Shaikha alifunga mtandio vizuri kama anayekwenda kupiga picha, akatoka. Kupitia dirisha walimsikia. Alikuwa na kipaji. Alimsalimu Buthaina asiyekuwepo, akacheka mahali panapostahili, akalalamikia mguu, kisha akafika kwenye sukari. Nusu yake, dada, nimempelekea Khole kwa harusi ya bintiye, nna haja gani ya kuiandika, nimeandika yote ya biashara, watajua wapi hawa. Akarudia mara mbili, kwa sababu Buthaina wa kubuniwa naye sikio lake halikuwa sawa.

Halafu wakangoja. Rawya alibonyeza kitufe kila baada ya muda ili programu isiwatupe nje. Ghadeer alimwambia kwa sauti ndogo kwamba ukifungua ukurasa wa msaada na kuuacha wazi, Mizani haihesabu muda. Yeye aligundua hivyo baada ya miezi. Rawya alijaribu. Ilikuwa kweli.

Chombo cha pili kiliingia kabla Bi Shaikha hajamaliza kumwaga chai.

Kilikwenda moja kwa moja kwenye ankara ya sukari. Kiasi kikatoweka, kikarudi nusu. Nusu ya pili ikatua kwenye matumizi yasiyo ya biashara, na tarakimu ya tatu ya baisa, ile ambayo Mizani huikata, ilihifadhiwa kwa ujanja: aliyeingiza aliandika kila kitu kwa baisa tupu, bila nukta, akaiacha programu igawanye mwenyewe. Jumla zililingana. Alama ikawa kijani.

Ghadeer aliinua mikono yake yote miwili juu ya meza, viganja wazi, khala yake aione.

Bi Shaikha aliiona. Alikaa chini na birika mkononi. "Basi ni nani?" aliuliza, safari hii kwa Kiarabu.

"Anayesikia kibaraza chako," alisema Rawya, "aliye kwenye mtandao wako, aliyewahi kupewa boksi lenye namba yako, na anayeelewa Kiswahili. Matatu ya mwanzo umenipa mwenyewe. La nne ulilikataa bila kulipima."

"Sleyum?" Bi Shaikha aliweka birika. "Rawya, usinichekeshe. Miaka yote hii nnaongea pale ukutani. Nimemsema…" Uso wake ulibadilika taratibu, kama wa mtu anayepekua kabati na kukuta kitu kibaya nyuma.

"Umemsema nini?"

"Nipe sahani," alisema Bi Shaikha. "Mpelekee visheti. Sitaki kusema."

*

Sheikh Sleyum alikuwa mtu mrefu, mkavu, kanzu yake imepigwa pasi mpaka mistari inakata. Alimkaribisha Rawya kwenye chumba cha wageni, akaacha mlango wazi kama inavyopasa, akamimina kahawa mwenyewe. Alikuwa mjane naye, na wanawe wote walikuwa Sohar. Juu ya mto, karibu na alipokaa, palikuwa na tableti imelazwa kifudifudi.

Waliongea Kiarabu. Alithibitisha waifai bila kusita. Jirani mwema alimpa Ramadhani, Mungu amlipe. Alithibitisha pia kwamba kabla ya kustaafu alikuwa mkaguzi wa hesabu za serikali.

"Na ulizaliwa wapi, ami Sleyum?"

"Sisi ni watu wa Ibra."

Rawya alilisikia jibu na kuona kwamba si la swali lake. Mtu huyu hakupenda kusema uongo. Alipendelea kusema kweli ya pembeni. Kwa mkaguzi mzee hilo lilieleweka. Na mtu wa namna hiyo alikuwa na mahali pamoja ambapo angeweza kukamatwa.

Aliomba radhi, akatoa simu, akampigia Bi Shaikha aliyekuwa anasubiri upande wa pili wa ukuta. Alisema kwa Kiswahili, bila haraka, akimtazama mzee.

"Bi Shaikha, wasilisha tu. Hesabu ya sukari iache kama alivyoibadilisha. Ndiyo, najua ni uongo tuliotunga, Khole hana binti, hakuna harusi. Lakini imekaa vizuri. Bonyeza."

Kikombe cha Sheikh Sleyum kilisimama njiani. Alikitua juu ya sinia kwa uangalifu.

"Asiwasilishe," alisema.

Alisema kwa Kiswahili. Kilikuwa Kiswahili cha bara, kizito kidogo, cha mtu asiyekitumia.

Kwenye simu sauti ya Bi Shaikha ikaja nyembamba. "Nani huyo?"

"Ni jirani yako," alisema Rawya.

"Mwambie asiwasilishe," alirudia Sheikh Sleyum. "Hiyo sukari niirudishe kwanza. Nimeweka takwimu ya uongo kwenye ritani ya mtu." Tayari alikuwa ameshika tableti, miwani yake iko puani, na Rawya alimuacha amalize, kwa sababu alichokuwa anakifanya kilikuwa sahihi, na kwa sababu sasa alikuwa anakifanya mbele ya shahidi.

Alipomaliza alieleza. Alizaliwa Tabora, baba yake alikuwa na duka karibu na stesheni, na Kiarabu alijifunza baada ya kufika hapa akiwa kijana. Zamani zile wakubwa wake kazini hawakupenda kusikia lugha nyingine, akaizoea hali ya kunyamaza. Mkewe alikuwa wa Nizwa, watoto hawakuhitaji Kiswahili. Halafu akahamia nyumba hii, na siku ya kwanza jirani alipompa sahani ya chakula juu ya ukuta alimgeukia dada yake kwenye simu na kusema: huyu ana uso wa mtu aliyemeza ndimu nzima.

"Ningejibu palepale tungecheka," alisema. "Niliona haya. Kesho yake nikawa nimechelewa. Mwaka ukaisha, na kila siku ikawa ngumu kuliko ya jana."

"Ungeweza kuingia ndani kwako ukafunga dirisha."

Aliyafikiri maneno yale kama swali la kazi. "Ningeweza. Lakini hakuna mwingine ninayemsikia akisema Kiswahili. Asubuhi na alasiri nakunywa kahawa hapo nje. Anamweleza dada yake jikoni, watoto, bei ya samli, Mizani. Wiki iliyopita alilia. Alisema atafunga biashara. Nilikuwa nayasikia makosa yake, nayajua yote, tarehe ya ankara moja ni ya robo iliyopita, unga ameandika wote. Namba ilikuwa inasemwa kwa sauti kila asubuhi. Kama ningekuja mlangoni kumsaidia, ningelazimika kumwambia nimejuaje."

"Badala yake ukaingia kwenye mfumo wa kodi kwa jina la mtu mwingine," alisema Rawya. "Unajua hilo linaitwaje kisheria, ami Sleyum, kuliko mimi."

"Najua."

"Na unajua kwamba kwa sababu ya hilo kuna binti amekaa nyumba ya pili, anakaribia kukosa kazi."

Hilo hakulijua. Alivua miwani. Rawya aliona kwamba la kwanza lilimwaibisha, ila hili la pili lilimuumiza. Alisimama.

"Twende," alisema.

*

Bi Shaikha alimpokea sebuleni akiwa amesimama. Hakumwangalia usoni.

"Mangapi umesikia?"

"Yote, Bi Shaikha."

"La ndimu?"

"La ndimu. La pasi. Na lile la kwamba nikitembea naonekana kama mtu aliyesahau kutoa hanga ya kutundikia kwenye kanzu."

Ghadeer aliomba atafsiriwe. Rawya alimtafsiria lile la hanga, na kwa mara ya kwanza siku ile binti huyo alicheka kweli. Bi Shaikha aliziba uso kwa mtandio, mabega yakimtikisika, na ilichukua muda kujua kwamba naye anacheka.

Rawya aliyaweka mambo mezani kama yalivyo. Kosa lilikuwepo. Mlalamikaji alikuwa Bi Shaikha. Akitaka, Rawya angeandika ripoti na mtuhumiwa alikuwa amekiri mbele ya mashahidi wawili. Asipotaka, basi kila takwimu isomwe mbele yake, aielewe, akubali, na iwasilishwe kwa mkono wake.

"Shauri gani nitamfungulia mtu aliyenitengenezea hesabu?" alisema Bi Shaikha. "Akae. Na asiguse kitu, aseme tu."

Sheikh Sleyum alikaa kiti cha mbali, mikono magotini, akasema. Ghadeer aliandika. Walipitia ankara moja baada ya nyingine. Bi Shaikha alikubali kila moja kwa sauti, na palipokuwa na ubishi kati ya mkaguzi na binti, juu ya mafuta ya kukaangia, Ghadeer alionyesha risiti na mkaguzi akaisoma, akasema kwa Kiarabu kwamba amekosea. Mizani iliwatupa nje mara moja. Bi Shaikha aliitukana kwa Kiswahili kwa moyo wake wote, akakumbuka, akamtazama jirani.

"Hilo hata Tabora tulikuwa tunalisema," alisema Sheikh Sleyum.

Alama ikawa kijani, na Bi Shaikha akabonyeza. Duara likazunguka sana. Halafu ukurasa ukasema imepokelewa.

Hakuna aliyeshangilia. Ghadeer alifunga kompyuta, akachukua simu yake kutoka kwa Rawya, akavaa viatu mlangoni. Bi Shaikha alimfuata na boksi la visheti. Ghadeer hakulipokea.

"Khala, mimi sina neno. Lakini leo ungekwenda polisi na jina langu, na kesho asubuhi ungempigia mama akusomee namba, mkacheka. Mama hajui."

"Sitokwenda tena. Yamekwisha."

"Kwangu yamekwisha. Yeye mwambie wewe. Asisikie kwangu."

Bi Shaikha alibaki na boksi mikononi. Alimtazama Rawya, aliyekuwa anafunga mkoba wake. Hapa hapakuwa na kitu cha kuthibitisha. Sheikh Sleyum alisimama ili atoke, na Bi Shaikha akamwashiria akae, kwa kuwa kama ni kusikia, amekwisha kusikia mengi.

Aliweka boksi chini, akatoa simu, akapiga, akaifungua sauti ili wote wasikie. Buthaina alipokea akicheka, akauliza kwa Kiswahili hiyo Mizani leo imemfanyia vitimbi gani.

Bi Shaikha alimshika Ghadeer mkono ili asiondoke. Halafu akaanza kumjibu dada yake kwa Kiarabu, lugha ambayo hakuwahi kumsemesha nayo maisha yao yote, akimweleza la Ghadeer na polisi polepole, ili binti aelewe kila neno.